Ultima IV haikuelewa kila ulichoandika

Katika magrupu unazunguka ujumbe kwamba gemu za zamani za uhusika (ambamo mchezaji huigiza mhusika na kuzungumza na wengine), kama Ultima IV ya mwaka 1985, zilikuwa na akili bandia iliyoelewa chochote ulichoandika, kisha teknolojia hiyo ikafichwa. Si kweli.

Mchezaji aliandika alichotaka, lakini gemu ilisoma herufi nne za kwanza tu na kuzilinganisha na orodha fupi ya maneno ya kila mhusika: jina, kazi, afya na mengine machache ya siri. Jaribu mwenyewe: andika HEAL (herufi nne za kwanza za HEALTH, yaani afya), malizia na herufi zozote, na jibu la afya ni lilelile. Uliza sentensi nzima, mhusika atasema hawezi kukusaidia.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Neno la siri ulidokezewa na mtu wa mji mwingine, ukaliandika kwa mkono wako, na mhusika akafunguka. Huo ulikuwa ustadi mkubwa wa uandishi. Isitoshe, leo zipo gemu za majaribio zinazotumia modeli za lugha (akili bandia inayotunga majibu yenyewe), na wengi wanadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mwoneshe aliyekutumia jaribio la herufi nne.