Hiyo Siyo Baridi ya Moshi: Maswali na Majibu kwa Wanaoishi Hosteli

Kipupwe kikishaanza, Juni hadi Agosti, wanafunzi wa vyuo wanaanza kunijia na kikohozi. Kijana anaingia na sweta lenye kofia, anakohoa kwenye kiganja. Nikimuuliza kimeanza lini, ananijibu: "Tangu kabla ya testi, dokta, ila ni baridi tu." Nikihesabu naye siku, tunafika wiki tano. Mimi ni tabibu, natibu wanafunzi hapa Moshi, na maswali yafuatayo, mengi yake kuhusu kifua kikuu, ndiyo wanayoniuliza karibu kila siku.

Kwa nini tunaokaa hosteli tunaugua sana?

Kwa sababu mmebanana. Chumba cha watu wanne mnalala sita, kwa kuwa wawili wanabebwa na wenzao waliopata vitanda. Dirisha ni moja, nalo limefungwa na kuzibwa kwa khanga kuzuia baridi. Hewa aliyoitoa mmoja ndiyo wanayoivuta wengine usiku kucha. Mafua, kikohozi na kifua kikuu havihitaji zaidi ya hapo. Juu yake, wakati wa mitihani mnapata usingizi wa saa nne tu kwa siku, na bumu (hela ya mkopo wa chuo) likiisha mnashinda na chipsi kavu au chai na andazi. Mwili wa namna hiyo unachoka kujilinda.

Kifua kikuu ni nini hasa?

Ni TB, ugonjwa unaoletwa na bakteria anayekaa zaidi kwenye mapafu, na anayesambaa kwa hewa mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya, hata kuimba au kuongea kwa sauti. Hairithiwi, siyo laana, na inatibika ikapona kabisa.

Nakohoa wiki ya tatu sasa. Si ni hii baridi ya Moshi?

Usikisie hivyo. Mafua ya kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi chake wakati mwingine huvuta zaidi ya hapo. Lakini kikifika wiki mbili, acha kusingizia baridi, vumbi la barabarani au feni ya maktaba. Watu wa Dar es Salaam wanaolala wakitokwa jasho nao wanaugua TB. Baridi ya huku kosa lake ni moja tu: inawafanya mfunge madirisha.

Kikohozi cha wiki mbili kinapimwa. Ukiwa na kikohozi cha siku chache tu lakini unatoka jasho la usiku hadi shuka linalowa, una homa za jioni zisizoisha, au suruali imeanza kukulegea kiunoni, usingoje wiki mbili zitimie. Njoo.

Duka la dawa walinipa azithromaisini na dawa ya maji, nikapata nafuu. Bado nipime?

Ndiyo, bado upime. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu karibu kila ninayemkuta na TB ameshapita duka la dawa mara mbili au tatu. Dawa ya maji inatuliza koo tu. Amoksilini na azithromaisini haziponyi TB. Siprofloksasini, ambayo mnaimeza kama pipi kwa kila kitu, ni mbaya zaidi hapa: inawadhoofisha wadudu wa TB kwa muda bila kuwamaliza. Unapata nafuu ya siku chache, ugonjwa unajificha, kipimo kinaweza kuchelewa kuonyesha, na wewe unarudi kukohoa chumbani juu ya vichwa vya wenzako. Nafuu ya siku tatu siyo kupona. Kama kikohozi kimerudi, au hakikuisha sawasawa, pima.

Na tafadhali, acheni kununua nusu dozi. Vidonge vinne vya antibiotiki kwa sababu hela ndiyo iliyobaki hiyo havikutibu. Vinawazoesha wadudu dawa.

Lakini sitemi damu, na sijakonda.

Unasubiri damu ya nini? Mara nyingi damu inakuja pafu likiwa limeshaharibika. Wapo wanaokutwa na TB wakiwa wanene, wanacheza mpira, wanakula vizuri. Mwanangu, kigezo ni muda: wiki mbili.

Kipimo kinauma? Ni shilingi ngapi?

Hakiumi, na kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa za TB ni bure. Hata kama kadi yako ya bima haijatoka, hii siyo sababu ya kubaki hosteli. Unatoa makohozi kwenye kikopo. Nasema makohozi, siyo mate: yale mazito yanayotoka kifuani ukivuta pumzi ndefu mara mbili tatu kisha ukakohoa kwa nguvu. Yanapimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo ikishaanza kazi hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi na huonyesha pia kama wadudu hao ni sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Kituo kisicho na mashine hutuma makohozi kwenye kituo chenye nayo. Kwa walio Moshi mjini, hospitali za Mawenzi na KCMC zinapima. Arusha, nendeni hospitali ya Mount Meru. Hata kituo cha afya kilicho karibu na hosteli yako ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nikikutwa nayo, si nitapelekwa Kibong'oto na masomo yaishe?

Swali hili linatoka kwa bibi na babu zenu, na naelewa kwa nini. Kibong'oto, kule Siha, ilianza mwaka 1926, enzi ambazo dawa ya TB haikuwepo duniani. Mgonjwa alitengwa huko akae miezi mingi, na wengi hawakurudi. Hofu ile ikabaki majumbani mwetu hata baada ya dawa kupatikana. Leo Kibong'oto ni hospitali ya rufaa inayotibu hasa TB sugu na magonjwa mengine ya kuambukiza. Mgonjwa wa TB ya kawaida anameza dawa akiwa nyumbani. Ukianza dawa na zikafanya kazi, ndani ya wiki mbili hivi uwezo wako wa kuambukiza unashuka sana. Unapumzika muda huo, daktari anakuandikia barua ya chuo, unarudi darasani. Anayepoteza muhula ni yule anayeletwa amebebwa, hawezi kupanda ngazi, kwa sababu alijiambia miezi minne kuwa ni baridi tu.

Wenzangu wa chumbani wafanyeje? Nitenge sahani na kikombe?

Sahani na kikombe havina kosa, TB haiambukizwi kwa chombo, shuka wala kushikana mikono. Inapita kwenye hewa. Kwa hiyo mnaolala naye wote mje mchunguzwe, hata asiyekohoa, na madirisha yafunguliwe mchana kutwa. Usiku acheni upenyo na mjifunike blanketi. Mgonjwa akohoe kwenye kitambaa au kiwiko. Kumnyima mwenzenu kikombe huku mmelala naye dirisha limefungwa ni kumwonea bure na kujidanganya wenyewe. Mgonjwa tunampima pia VVU, kwa sababu magonjwa haya mawili yanafuatana sana.

Mwezi wa pili najisikia mzima. Naweza kuacha dawa?

Hapana. TB ya kawaida inatibiwa miezi 6: miwili ya kwanza dawa nne, minne inayofuata dawa mbili, zikiwa zimechanganywa kwenye kidonge kimoja. Ukiacha njiani, wadudu waliobaki wanaweza kurudi wakiwa sugu, na hapo matibabu yanakuwa magumu zaidi. Wanafunzi wengi wanakatishwa na likizo: unapanda basi kwenda Singida, dawa zimebaki Moshi. Kabla ya kusafiri pita kliniki, utapewa dawa au barua ya kuendelea na matibabu huko.

Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, usiogope, ni rifampisini. Ila mabinti mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, mtuambie, maana rifampisini inavipunguza nguvu na unaweza kupata mimba usiyoitarajia. Pombe iachwe, ini lina kazi ya kutosha. Macho yakigeuka manjano, rudi siku hiyohiyo.

Chumba ni baridi mno. Tunaweza kuingiza jiko la mkaa?

Msithubutu. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa inaua watu wamelala. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa wote mliomo chumbani kwa pamoja ni ishara ya kutoka nje mara moja. Vaeni soksi, ongezeni blanketi.

Na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) tunazopata kwenye vyoo vya hosteli?

Mara nyingi choo kinasingiziwa. Wadudu wa UTI wengi wanatoka kwenye utumbo wako mwenyewe. Kunywa maji, usibane mkojo kwa saa nyingi kwa kuogopa foleni, jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Ukiwa na maumivu ya kiuno na homa, njoo upime mkojo, usinunue siprofloksasini. Nimeshasema juu yake.

Nimefika wiki ya tatu kweli. Nifanye nini?

Kesho ukiamka, kabla ya kula, sukutua kwa maji matupu. Kunja koti la darasani uliweke, kipindi cha asubuhi utakopi kwa mwenzako. Nenda kituo cha afya, na pale mapokezi usiseme "nina mafua". Sema: "Nakohoa zaidi ya wiki mbili, nataka kupima makohozi." Watakupa kikopo na kukuelekeza nje, mahali penye upepo.