Msikiti wa Wahindi? Wahindi wapi?

Juzi Jumamosi nimetembeza wanafunzi wa chuo waliotoka Dar, baridi ya Iringa imewakunyata wote, tumefika pale jamatkhana, ile nyumba ya ibada chini ya mnara wa saa, kijana mmoja katoa simu apige picha akasema, "Kumbe huu ndo msikiti wa Wahindi." Nikamuuliza Wahindi wapi. Akanishangaa. "Kaka, kwani Wahindi si Wahindi tu?"

Nina miaka kumi na moja natembeza watu mji huu na hilo neno nalisikia karibu kila wiki, kwa wageni, kwa walimu, mpaka kwa watu waliozaliwa Makorongoni ambao wamenunua sukari na vitambaa kwenye hayo maduka maisha yao yote. Nimechoka kulijibu nimesimama juani, acha niliandike.

Pale ni pa Maismailia, dhehebu mojawapo la Kishia. Mbohora haswali pale, Ithnaasheri haswali pale, Sunni haswali pale, Baniani na Singasinga ndo kabisa si Waislamu. Na wakati wa ibada asiye Ismailia haingii, hata mimi nabaki nje na wageni wangu. Uhindi ni asili, sio dini, tena asili yenyewe sio moja: wengi wao wazee wao walitoka Kachi na Gujarati, Singasinga Punjab, Magoa walitoka Goa iliyokuwa ya Wareno mpaka 1961, ndo maana Mgoa ni Mkatoliki na anaitwa jina la Kireno. Nimeshaona Mgoa anaambiwa "Ramadhani njema" kanisani, mlangoni, ametoka misa. Aliitikia vizuri tu kwa ustaarabu, ila mkewe aligeuka akatazama pembeni.

Sasa kuna wale wanaojiona wameelewa, wanasema basi, Wahindi Waislamu ni Mashia, yameisha. Hapana bana, hapo ndo panapoanza. Ismailia na Bohora walikuwa na maimamu walewale mpaka enzi za utawala wa Fatimiya kule Misri. Mwaka 1094 Imamu al-Mustansir amefariki Cairo, watu wakagawanyika juu ya watoto wake, Nizar na al-Musta'li. Waliomfuata Nizar ndo hawa wa mnara wa saa, imamu wao yupo hai, wanamwona, Aga Khan, na Shah Karim alipofariki Februari 2025 kiti kikaenda kwa mwanae Rahim. Bohora wao wametoka upande wa al-Musta'li, imamu wao amefichika toka karne ya kumi na mbili, kwa hiyo anayewaongoza ni Dai, yaani mwakilishi wa huyo imamu, anakaa Mumbai. Ithnaasheri nao wanahesabu maimamu kumi na wawili, na hapa ndo watu wanapotea: Ithnaasheri wengi wa huku ni Makhoja, yaani ukoo uleule wa Maismailia, walianza kutengana karne ya kumi na tisa, baada ya ugomvi juu ya mamlaka ya Aga Khan uliofika mpaka mahakama ya Bombay mwaka 1866. Ndo maana jina la ukoo kwenye bango la duka halikuambii kitu. Unaweza kukuta binamu wawili jina moja, mmoja Muharram yuko imambara, ukumbi wa maombolezo wa Ithnaasheri, kwenye majlisi kavaa nyeusi, mwingine jioni yuko jamatkhana.

Haya mambo yanaonekana ukitulia. Kuna mzee wa Kibohora nilikuwa nanunua kwake misumari na bawaba, kila ukiingia kikombe cha chai kipo juu ya kaunta karibu na mizani, kofia yake nyeupe yenye mkanda wa dhahabu kichwani. Siku moja mji mzima unasubiri mwezi uandame, nimeingia kikombe hakipo, mizani peke yake. Nikamuuliza mzee vipi leo. "Sisi leo ya kwanza, mwanangu." Bohora kalenda yao ni ya hesabu, hawasubiri kuona mwezi, kwa hiyo mara nyingi wanatangulia siku moja au mbili. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akaguna, akasema hawa nao wanajitungia dini. Kalenda hiyo ina umri wa karne na karne, yeye hata hajauliza.

Na kosa hilihili tunawafanyia Wazungu wa huku. Wajerumani wa Kidugala Walutheri, Waitaliano wa Tosamaganga Wakatoliki, Wagiriki wa tumbaku Waorthodoksi, na Wapolandi waliowekwa kambini Ifunda vita ya pili walikuwa wakimbizi, waliobebwa na Warusi mwaka 1940 wakapelekwa Siberia, wakapitia Iran, wengine wamezikwa Ifunda mpaka leo. Wote tunawaita wakoloni.

Lile la kuwaita Wahindi "wageni" nalipita haraka maana linanipandisha presha. Oktoba 1961 bungeni kuna waliotaka uraia uende kwa rangi, Nyerere akakataa, akasema serikali itajiuzulu kuliko kukubali hilo. Wengi walichukua uraia. Halafu 1971 ikaja sheria ya majengo, nyumba za kupangisha za zaidi ya shilingi 100,000 zikataifishwa, familia nyingi zikafunga mizigo kwenda Kanada na Uingereza. Kwa hiyo unayemkuta bado dukani leo, ukoo wake una waliobaki.

Ila kuna jambo linanisumbua na vitabu havilisemi. Mimi mwenyewe nikisimama pale nikapanga watu, huyu Bohora, huyu Khoja, huyu Singasinga, nakuwa nachora mistari ileile Waingereza waliyochora, Uzunguni huku, Uhindini kule, Uswahilini bondeni. Wabulushi ndo wananivunjia hesabu kabisa. Masunni, wazee wao walitoka Baluchistan, wengine wakashuka Rujewa wakachimba mifereji wakalima mpunga, wakaoa huku. Watoto wa ndoa hizo wapo waliolelewa kwa baba na wapo ambao upande wa baba haukuwataka wakalelewa kwa wajomba, na hilo la pili kwenye ziara huwa nalikwepa, maana wajukuu wapo mjini na wengine tunasalimiana kila siku.

Nilimuuliza mzee mmoja wa hivyo, rangi ya Kibulushi, pua ya Kibulushi, tulikuwa tumekaa stendi tunasubiri gari. Kamwene, kamwene, tumesalimiana. Nikamuuliza mzee wewe nikuandike nani. Akafikiri muda mrefu, gari likaja, kondakta anaita, yeye akiinuka na kimfuko chake akasema, "Andika wa kwa mjomba."