Mimba ya miezi minne hadi sita: maswali mnayoulizana kwenye benchi la kliniki

Kichefuchefu kimepungua, tumbo limeanza kujitokeza, na habari uliyoificha miezi mitatu ya kwanza sasa haifichiki tena. Ndiyo maana wajawazito wengi wa Dodoma huanza kuulizana wao kwa wao katika kipindi hiki, kati ya wiki ya 14 na ya 27: kwenye foleni ya kupima uzito, kwenye bomba la maji, kwenye kikao cha vikoba. Mazungumzo hayo yana faida kubwa na tunayaunga mkono. Shida huja pale mmoja anapougeuza mwili wa mwenzake kuwa kipimo cha mimba yake. Haya ni maswali tunayoyasikia zaidi.

Mimba zetu zina umri mmoja. Mbona tumbo lake ni kubwa kuliko langu?

Kwa macho hamwezi kujua. Mwenye mimba ya kwanza misuli yake ya tumbo bado imekaza, hivyo tumbo huchelewa kutokeza. Aliyekwisha kuzaa mara tatu huonekana mapema. Mwanamke mrefu huficha mimba kuliko mfupi. Halafu wengi mnakosea hesabu: umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu siku ulipogundua.

Mkunga hupima kwa utepe kutoka juu ya mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi. Wiki ya 20 kilele kinakuwa karibu na kitovu, na kuanzia hapo sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Ukiwa na wiki 24 na utepe ukasoma kati ya 22 na 26, uko sawa. Ikipungua au kuzidi kwa sentimita 3 au zaidi, unahitaji ultrasaundi, kwa sababu huenda tarehe zilikosewa, ni mapacha, maji ya uzazi ni mengi au machache, au mtoto hakui inavyotakiwa. Kuna kosa dogo linaloharibu kipimo hiki mara nyingi: kibofu kilichojaa husukuma mfuko wa uzazi juu na kuongeza sentimita mbili au tatu. Kojoa kabla hujapanda kitandani.

Kama hujawahi kupimwa ultrasaundi, Shirika la Afya Duniani linashauri ifanyike angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Baada ya hapo bado inafaa, ila makadirio ya umri wa mimba huanza kupoteza uhakika.

Wenzangu watoto wao wanacheza, wangu kimya.

Mimba ya kwanza wengi husikia mtoto akicheza kati ya wiki ya 18 na 20, na wengine huchelewa kidogo. Aliyewahi kuzaa anaweza kusikia wiki ya 16, kwa sababu anaijua ile hali. Mgeni hudhani ni gesi inatembea tumboni. Pia kondo likijishikiza ukuta wa mbele wa mfuko wa uzazi, hukaa kati ya mateke ya mtoto na ngozi yako, nawe huchelewa kumsikia ingawa yeye ni mzima.

Ikifika wiki ya 24 hujasikia chochote, nenda ukasikilizwe mapigo ya moyo wa mtoto. Na kama alishaanza kucheza kila siku kisha akanyamaza siku nzima, nenda siku hiyo hiyo. Usikae nyumbani ukinywa soda ya baridi na kujigongagonga tumbo ili kumwamsha. Kabla ya wiki ya 28 mtoto hana ratiba ya kueleweka, kwa hiyo msilinganishe idadi ya mateke.

Mwanzo damu yangu ilikuwa 12, sasa imesoma 10.6. Nimeambiwa ninywe rozela.

Tulia kwanza. Katika mimba mwili huongeza maji ya damu haraka kuliko unavyoongeza chembe nyekundu, hivyo damu huonekana nyepesi zaidi miezi hii ya kati. Kushuka kidogo kunategemewa. Chini ya 10.5 katika kipindi hiki huhesabiwa kuwa upungufu wa damu na hutibiwa. Chini ya 7 ni hatari, unatakiwa hospitali mara moja.

Rozela ni nyekundu, lakini wekundu wa kinywaji hauna maana kwamba kina madini chuma ya kutosha. Kinachopandisha damu ni vidonge vya madini chuma na foliki asidi mnavyopewa kliniki, kimoja kila siku, pamoja na chakula kinachovisaidia. Hapa ndipo wengi wanajiharibia. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na kidonge hukamata madini chuma tumboni, yakapita bila kuingia mwilini. Acha saa mbili kati ya chai na kidonge, na saa moja kati ya chai na mlo. Kikikuletea kichefuchefu, kimeze usiku kabla ya kulala. Kinyesi kitakuwa cheusi na huenda kikawa kigumu. Hiyo ni kazi ya dawa, haimaanishi kwamba imekukataa. Wengi wanaotupa vidonge chooni huanza kwa kuogopa rangi hiyo.

Mkoa wetu una chakula kizuri cha kushirikiana na vidonge hivyo, ukijua kukitumia. Mtama na uwele vina madini chuma, ila punje zake zina kitu cha asili kinachoyazuia yasifyonzwe. Ukiloweka nafaka usiku kucha kabla ya kusaga, au ukauchachusha uji, kizuizi hicho hupungua. Mlenda, kunde, dagaa na nyama huongeza. Kisha ubuyu: vijiko viwili vya unga wake kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, unywe pamoja na mlo. Uchachu huo una vitamini C, ambayo husaidia madini chuma kufyonzwa. Usiuchemshe, maana moto huiua vitamini hiyo, na tunazungumzia unga mkavu, si ubuyu wa rangi na sukari unaouzwa kwenye vifuko.

Karanga na mahindi chambueni kwa makini, mtupe zilizokunjamana, zenye ukungu au zinazowasha mdomo kwa uchungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, na kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Wale mnaogawana udongo wa kula: hamu hiyo yenyewe mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, na udongo unauzidisha kwa kuzuia madini chuma na kuleta mayai ya minyoo. Mwambie mkunga waziwazi, hatakucheka. Dawa ya minyoo hutolewa mara moja, baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita. Ukimeza vidonge vizuri kwa wiki nne na damu ikakaa palepale, rudi, kuna sababu nyingine ya kutafutwa.

Mwenzangu amebakiwa na dawa. Naweza kumeza zake?

Hapana, hata kama kadi zenu zinafanana. Chukueni mfano wa SP ya kukinga malaria: hutolewa vidonge vitatu kwa mpigo, mbele ya mhudumu, kuanzia wiki ya 13, kwa kupishana mwezi mmoja au zaidi. Anayetumia septrini kila siku hatakiwi kumeza SP, wala mwenye mzio wa dawa za salfa. Mwenzako hawezi kujua hayo, wewe pia huwezi kujua yake.

Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo salama zaidi: vidonge viwili vya miligramu 500, ukiachia saa sita. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hugawanywa mtaani kama pipi, kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Dawa za kienyeji za kulainisha njia au kuongeza uchungu zisiguswe kabisa kipindi hiki. Mabaka ya usoni yanayotokea sasa hufifia baada ya kujifungua. Jikinge na jua kwa kofia au mtandio, na mkorogo uachwe, maana baadhi yake una zebaki.

Nikisimama ghafla, ubavu wa chini unavuta kama kamba.

Ni kano zinazoshikilia mfuko wa uzazi zikivutika. Maumivu huwa ya sekunde chache, upande mmoja, na huisha ukitulia. Ukitaka kuamka, geuka ubavu kwanza, kisha jisukume kwa mikono. Maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio ni jambo jingine, nenda kituoni.

Msuli wa kigimbi ukikaza usiku, nyoosha goti na uvute vidole vya mguu kuelekea kwako. Usivinyooshe mbele, utaukaza zaidi. Damu ya puani ni ya kawaida, hasa upepo mkavu wa Dodoma unapovuma: inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia, ukihema kwa mdomo. Isipokoma baada ya kurudia mara mbili, nenda hospitali. Na ukiamka umelala chali, geukia ubavu tu, hujamdhuru mtoto.

Nitajuaje kama ni ute au chupa imevuja?

Ute wa kawaida ni mweupe, mwepesi, hauna harufu kali wala muwasho. Ukiwasha na ukawa mzito kama mtindi, huenda ni fangasi. Ukinuka au ukawa wa kijani, ni maambukizi. Yote mawili yana tiba. Maji ya uzazi huwa mepesi na huendelea kutoka bila wewe kuweza kuyabana. Ukiwa na shaka, kojoa, vaa pedi safi, lala nusu saa kisha simama. Pedi ikilowa tena, nenda hospitali na pedi hiyo. Usiingize kidole wala kitambaa kujichunguza.

Kipi kisisubiri ushauri wa wenzangu?

Damu ukeni, hata kidogo. Kichwa kinachouma sana na hakisikii parasetamoli, macho kuona maruerue, uso na mikono kuvimba, au maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia: hizo ni dalili za presha ya mimba, ambayo huanza kujitokeza baada ya wiki ya 20 na huweza kuishia kwenye degedege isipotibiwa. Presha ya 140/90 na zaidi haihesabiwi kuwa ya kawaida. Homa, mkojo unaochoma, na maji kutoka navyo ni vya siku hiyo hiyo. Namba ya dharura ya usafiri wa wajawazito, m-mama, ni 115, hupigwa bure. Iandikeni nyuma ya kadi leo.

Tunataka kuanzisha kikundi. Tufanyeje?

Watu 8 hadi 12 wenye mimba za umri unaokaribiana wanatosha. Kutaneni siku moja na siku ya kliniki ili msilipe nauli mara mbili, na mwombeni mkunga awape nusu saa. Kila mmoja aeleze nini kimemsumbua na nini kimemsaidia. Kisha shughulikieni mambo ya mikono: nani ana namba ya dereva anayeaminika usiku, nani atabaki na watoto wa nani, ndugu wawili gani wa kila mama wako tayari kuchangia damu, na akiba ya kila wiki ya vifaa vya kujifungulia.

Tunasisitiza jambo moja. Msipeane kadi za kliniki kulinganisha vipimo. Kadi hiyo ina majibu ya VVU na kaswende, na kuna wanawake walioacha kliniki kwa kuhofia jirani aisome. Ukitaka kusimulia kipimo chako, kitaje kwa mdomo.

Nalia bila sababu, na naona aibu kuwaambia.

Machozi ya hapa na pale ni ya kawaida. Huzuni ya wiki mbili mfululizo, kukosa hamu ya kila kitu, kutolala hata ukipata nafasi, au wazo la kujidhuru, ni ugonjwa unaotibika kama presha inavyotibika. Waambie wenzako, na mwambie mkunga maneno haya haya. Kama kinachokuliza ni kipigo nyumbani, mwombe mkunga muongee mkiwa wawili tu, bila mume au mawifi.

Mwenzetu mimba imetoka ikiwa na miezi mitano. Tumwambie nini?

Semeni pole, mkae naye. Msiseme atapata mwingine, wala msiulize alibeba nini kizito. Nyingi ya mimba hizi hazitoki kwa kosa la mama. Msimwondoe kimyakimya kwenye kikundi, mwulizeni anataka nini. Mchoteeni maji, mpikieni, mchukueni watoto wake mchana.

Mmoja wenu afuatilie afya yake kwa karibu. Akilowesha pedi mbili ndani ya saa moja, akipata homa, au uchafu unaotoka ukinuka, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi. Maziwa yanaweza kutoka siku ya pili hadi ya nne, na hakuna anayemwonya: sidiria inayombana vizuri bila kumuumiza, kitambaa cha maji baridi, parasetamoli, na asikamue zaidi ya kile kidogo cha kupunguza maumivu. Kama kundi lake la damu ni hasi, yaani Rh hasi, aulize kuhusu sindano ya kinga ndani ya saa 72, ili kingamwili zisije zikaishambulia mimba ijayo.