Staki ya Swichi Si Failova

Katika ofisi nyingi za Kampala, fundi akishaunganisha swichi mbili, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta kwenye mtandao, kwa kebo za staki hutangaza kwamba mtandao sasa una failova, na kauli hiyo imeanza kuonekana hata kwenye hati za zabuni. Staki ni swichi kadhaa zinazosimamiwa kama swichi moja, kwa anwani moja na mipangilio ile ile. Akiba ni kuwapo kwa kifaa au njia ya pili. Failova ni kazi kuhamia kwenye akiba hiyo yenyewe, pasipo kungoja mkono wa mtu.

Akiba yaweza kukaa miaka bila uwezo wa kupokea kazi yoyote. Staki ya Catalyst 9300 za Cisco, ambayo huchukua hadi swichi 8, huwa na swichi kuu na swichi msaidizi. Kuu ikizimika, msaidizi hushika uongozi, na hapo wengi huridhika. Lakini kilichohama ni uongozi tu. Seva iliyokuwa imechomekwa kwa kebo moja kwenye swichi iliyozimika imekatika, na itabaki hivyo mpaka mtu aende kuichomeka kwingine. Ili data nayo ihame, seva hiyo inahitaji kebo mbili, kila moja kwenye swichi yake, zikifungwa pamoja kwa LACP, itifaki ya kufanya kebo kadhaa zitumike kama moja, ambayo IEEE, taasisi ya wahandisi inayotunga viwango, iliiweka kwenye kiwango chake cha 802.3ad mwaka 2000. Kebo zote mbili zikiingia kwenye swichi moja, kama inavyofanywa mara nyingi kwa sababu poti zake ziko karibu, hiyo ni akiba ya kebo, si ya swichi.

Kebo za staki zenyewe hutakiwa kufunga duara. Zikiachwa kama mnyororo wenye ncha wazi, kukatika kwa kebo moja huigawa staki vipande viwili, na kila kipande huweza kudai anwani ile ile, jambo linalosumbua kuliko swichi moja kufa kabisa.

Umeme nao husahauliwa. Swichi zote zikitegemea UPS moja, yaani betri ya kushikilia umeme kwa muda, umeme ukikatika na jenereta ikachelewa kuwaka, zitazimika pamoja. Programu ni moja vilevile, kwa hiyo kuisasisha mara nyingi huwasha upya staki nzima. Asiyeweza kuvumilia hilo huhitaji swichi mbili zinazojitegemea, kila moja na uongozi wake, na gharama yake huwa kubwa zaidi.

Mwenye staki ambayo kila kifaa kimechomekwa kwa kebo moja hakosei akisema ana akiba ya uongozi. Kwenye hati yake, neno failova aliandike kando ya vile vifaa tu ambavyo kebo zake zimefika kwenye swichi zote mbili.