Mkondo wa Michezo si wa wenye mbio pekee

Kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilipoingia Sekondari Pevu, yaani hatua ya juu ya sekondari, Januari 2026, wazazi wengi nchini Kenya walikuwa wamekwisha kuipanga mikondo mitatu ya masomo kwa mizani yao wenyewe. STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) ni ya wenye akili, Sayansi ya Jamii ni ya wanaojua kusema, na Sanaa na Sayansi ya Michezo ni ya waliobaki, au ya yule mtoto anayemaliza wa kwanza kila mashindano ya kaunti ndogo. Lengo la serikali la asilimia 60 ya wanafunzi kwenda STEM, 25 Sayansi ya Jamii na 15 Sanaa na Michezo limewafanya baadhi ya watu wauone mkondo wa tatu kama wa makombo.

Sisi tunaofundisha fiziolojia ya mazoezi vyuoni, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi mazoezini, tungeomba mzazi wa mtoto wa Gredi ya 9 aingie kwanza ndani ya somo lenyewe, aone kuna nini.

Tuanze na mbio, maana kila Mkenya ana maoni kuhusu mbio. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani Septemba 2021. David Rudisha alimaliza mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London 2012. Eliud Kipchoge alikata kilomita 42 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mnamo Oktoba 2019, ingawa haikuhesabiwa rekodi rasmi kwa sababu waongoza kasi walikuwa wakipokezana. Wote watatu ni wakimbiaji, lakini misuli yao ilikuwa ikifanya kazi tofauti kabisa.

Misuli hutumia kemikali moja tu kujikunja, ATP, na akiba yake huisha ndani ya sekunde chache. Kwa takriban sekunde 10 za mwanzo, ATP hurudishwa haraka, kwa sehemu kubwa, na kemikali nyingine iliyomo humo humo misulini, kreatini fosfeti. Sekunde hizo ndizo mbio yote ya Omanyala. Tangu mapema, na zaidi ukiendelea, mwili pia huvunja glukosi bila kungoja oksijeni, na muda unavyorefuka ndivyo oksijeni inavyoshika usukani. Katika mita 800, sehemu kubwa ya nishati tayari inatokana na oksijeni, jambo linalowashangaza hata makocha. Katika marathoni ni karibu yote. Mwanafunzi akilielewa hili ataona kwa nini kumpa mkimbiaji wa mita 100 kilomita 15 kila asubuhi ni kumchosha bure.

Ndipo linapokuja suala la Iten, mji wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wengi, ulio takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Watu husema kule "oksijeni ni kidogo". Kwa kweli asilimia yake hewani ni ileile ya Mombasa, takriban 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi kwenye damu. Figo zinagundua upungufu huo, zinatoa homoni ya erithropoietini, yaani EPO, nayo inauamuru uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu zaidi za damu. EPO hiyohiyo ikitengenezwa maabara na kudungwa kwa sindano ni dawa iliyopigwa marufuku michezoni. Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na dawa hizo mwaka 2016, ambayo ndiyo msingi wa ADAK, shirika la taifa la kupambana na dawa hizo. Kijana aliyefundishwa kazi ya figo na uboho hadanganyiki kirahisi na mtu anayemwambia "hii ni vitamini tu".

Lakini urefu wa mlima peke yake hautoshi, la sivyo kila aliyezaliwa mlimani angekuwa bingwa. Mwanafiziolojia Bengt Saltin wa Sweden alileta wakimbiaji wa kwao Kenya mwaka 1990 kuwalinganisha na wenyeji. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho miili ya Wakenya iliweza kutumia hakikuwaacha mbali sana wageni. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba kwa kasi ileile, Mkenya alitumia oksijeni kidogo zaidi, na miguu myembamba kuanzia goti kwenda chini ilionekana kuchangia. Mguu mwepesi hubembea kwa nguvu ndogo. Hapo fizikia imeingia, na wala hatujatoka uwanjani.

Kuna na hili la "asidi". Makocha wengi bado humwambia mtoto anayeumwa na mapaja siku mbili baada ya mazoezi kwamba ni asidi ya laktiki. Sivyo. Laktiki huondoka misulini ndani ya saa moja au mbili hivi, na mwili huitumia tena kama nishati. Maumivu ya kesho kutwa hutokana na michubuko midogo ndani ya misuli, hasa ile iliyojikaza huku ikivutwa, kama wakati wa kuteremka mlima.

Mtu ataniuliza: mbona Colm O'Connell, mwalimu wa jiografia kutoka Ireland aliyefika shule ya St Patrick's Iten mwaka 1976 bila mafunzo ya ukocha, alimkuza Rudisha? Ni kweli. Alikuwa na jicho la kutazama na subira ya miaka. Wa namna yake hawapatikani kila shule, na wanafunzi wengi hawatakuwa akina Rudisha hata wakifundishwa naye.

Hao wengi ndio hasa ninaowafikiria. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 ajishughulishe kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Kwa takwimu za shirika hilo, vijana 81 kati ya 100 duniani hawafikii kiwango chao. Shinikizo la damu na kisukari havimsubiri mtu azeeke. Somo linalomfundisha kijana kuhesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, akiwa ametulia, kisha baada ya kupanda ngazi, kisha kila dakika hadi yatulie, linamfaa hata akiishia kuwa karani. Halihitaji kifaa chochote ila saa.

Kwa wasichana lina uzito wake. Msichana anayecheza kandanda au netiboli yuko katika hatari kubwa kuliko mvulana ya kukatika kano ya ndani ya goti. Mazoezi maalum ya kupasha mwili, dakika 20 za kuruka, kutua vizuri na kuimarisha mapaja, yamethibitishwa kupunguza majeraha. Tena mkimbiaji wa kike anayepoteza hedhi kwa miezi asiambiwe kwamba hiyo ndiyo dalili ya kuwa fiti. Mara nyingi hapati chakula cha kutosha kulingana na kazi anayofanya, na mifupa yake inadhoofika kimyakimya. Aonwe na daktari.

Sasa kazi. Tiba ya viungo (fiziotherapia), utengenezaji wa miguu bandia na vifaa vya kushikilia viungo, lishe, tiba ya shughuli (kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku): kozi hizi zinafundishwa katika chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC na katika vyuo vikuu. Vyuo vikuu kama Kenyatta vina pia sayansi ya mazoezi na michezo. Anayetaka tiba ya viungo bila Baiolojia atafika mlangoni na kurudi. Kwa hiyo mtoto akichagua mkondo wa Michezo, masomo yake matatu ya hiari yasiwe Michezo na Burudani pamoja na mawili yoyote tu. Baiolojia iwemo. Na kama moyo wake uko kwenye udaktari au tiba ya viungo pekee, bila hamu ya ukocha wala usimamizi wa michezo, STEM ndiyo njia fupi zaidi. Sioni aibu kulisema hilo.

Si kila shule inafundisha mikondo yote mitatu, hivyo ulizeni mapema: shule ina maabara ya Baiolojia inayotumika? Nani anafundisha Michezo na Burudani, na amesomea nini? Mtoto akiumia uwanjani, nani anajua huduma ya kwanza? Halafu Hisabati. Kuna ile nzito inayowalazimu wa STEM na ile nyepesi ya matumizi ya kila siku. Anayetaka kupima nguvu na pembe za mwili unaotembea atazihitaji hesabu zile nzito, kwa hiyo mwambieni mwalimu mkuu tangu wiki ya kwanza kwamba mtoto anaziomba.