Maji shwari: maana yake kwa anayetafuta pa kupiga kafi

Maji shwari ni maji ambayo upepo wake, mawimbi yake na mkondo wake havimzidi nguvu mtu aliye juu yake. Kwa nahodha wa jahazi shwari ni karaha, maana tanga halishiki kitu na safari inalala. Kwa anayesafiri kwa ubao wa kafi, yaani ule ubao mpana ambao mtu husimama juu yake na kupiga kafi refu mara kulia mara kushoto, shwari ndiyo safari yenyewe.

Mchezo huu ulienea duniani kutoka Hawaii mwanzoni mwa miaka ya 2000, na siku hizi mbao hizo, nyingi za kujazwa hewa, zinakodishwa kwenye fukwe zetu za pwani na kando ya maziwa. Mtu wa kawaida huenda nazo kilomita 4 hadi 5 kwa saa, mwendo wa miguu tu. Tena amesimama wima, kwa hiyo mwili wake ni tanga asiloweza kulitua. Upepo ambao mvuvi ndani ya mtumbwi hata hauzungumzii, yeye unamrudisha nyuma.

Wengi huchagua mahali kwa picha. Picha hizo nzuri za ziwa linalong'aa kama kioo hupigwa kabla jua halijapanda. Nenda Naivasha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha rudi saa tisa alasiri: utadhani ni ziwa jingine. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, na alfajiri hewa hutulia; jua likishapanda, ardhi hupata joto haraka kuliko maji, hewa juu yake huinuka, na upepo kutoka ziwani huja kujaza nafasi. Ndivyo ilivyo Naivasha, ndivyo ilivyo Kivu, na kwenye Ziwa Viktoria, lenye karibu kilomita za mraba 68,800, jambo hilo ni kubwa zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza si "wapi?" bali "saa ngapi?" Mimi ningekuwa nimesharudi ufukweni saa nne asubuhi.

Swali la pili ni umbo la maji. Upepo peke yake hauinui mawimbi makubwa. Unahitaji uwanja wa kukimbilia. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na mwera, ule upepo wa kusini mashariki unaovuma sana kati ya Mei na Agosti, huufuata urefu huo. Ndiyo maana Matema, kule Kyela kwenye ncha ya kaskazini, ufuo mzuri kweli wenye Milima ya Livingstone ubavuni, huweza kupigwa na mawimbi yaliyoanza safari mbali sana, hata katika nchi nyingine. Sasa linganisha na Bunyonyi, karibu na Kabale nchini Uganda, takriban mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Ziwa hilo lilitokea pale lava ilipoziba bonde la mto, na limebaki na umbo la bonde: mikono myembamba inayojipinda kati ya vilima vya mashamba ya matuta, na visiwa 29 vinavyoukata upepo kila unapotaka kushika kasi. Duluti, ziwa dogo la kreta pale Tengeru nje ya Arusha, lina faida hiyohiyo kwa udogo wake na msitu unaolizunguka. Fungua ramani, jua upepo wa msimu unatoka upande gani, kisha tazama maji yaliyo wazi kuelekea huko yana urefu gani. Ukiona ni kilomita nyingi, tafuta ghuba iliyojificha nyuma ya rasi au kisiwa.

Baharini msimu una neno kubwa. Kusi, upepo wa kusini mashariki, hutawala takriban Aprili hadi Oktoba, na kaskazi, ule wa kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi, na katikati yake huja maleleji, siku za upepo kulegea. (Bahati mbaya masika nayo huangukia hapohapo.) Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, hupokea kusi usoni, na ndiyo maana wanaoteleza majini kwa vishada wamepafanya kwao. Ukiona vishada hivyo angani, ubao wa kafi uache mchangani.

Hapo mtu atasema: basi niende magharibi ya kisiwa, upande wa demani, ambako maji yamelala. Ni kweli yamelala, ila pana mtego unaohitaji kuelezwa vizuri. Upande wa demani upepo unatoka nchi kavu kuelekea baharini. Karibu na ufuo maji hayana mkunjo kwa sababu upepo bado haujapata nafasi ya kuyavuruga, na kila mita unayosogea mbele unaupa nafasi hiyo. Unapiga kafi bila jasho, unajisifu moyoni, kumbe unasukumwa. Ukigeuka, ndipo unapoujua. Shwari ya namna hii ni ya uongo, na wanaojifunza hupotelea humo kuliko katika mawimbi, kwa kuwa mawimbi wanayaogopa tangu nchi kavu. Dawa yake ni kuanza safari kwa kwenda dhidi ya upepo, ili urudi ukiwa nao mgongoni. Kupita karibu na ufuo. Na ukizidiwa, kupiga magoti au kulala kifudifudi na kupiga kwa mikono. Ubao usiuache hata kidogo.

Kwenye hori, yaani mkono wa bahari ulioingia bara, upepo humwachia mkondo kazi. Mida, karibu na Watamu, ni mahali pazuri mno: mikoko pande zote, ndege kwa wingi, na maji yasiyo na wimbi. Lakini maji yote hayo huingia na kutoka kupitia mlango mwembamba. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, bahari katika pwani yetu inaweza kupanda na kushuka karibu mita 4. Katika saa takriban 6 za kujaa au kupwa, saa ya tatu na ya nne pekee hupitisha karibu nusu ya maji yote. Ingia maji yanapojaa, toka yakianza kupwa, na uchague siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ukiweza. Ukichelewa, utalala na ubao juu ya tope.

Mto nao una hesabu fupi: mkondo ukizidi mwendo wako, hutarudi ulikotoka. Nile kuanzia Jinja ni mto wa maporomoko, ila nyuma ya bwawa la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, maji yametanda na kupoa. Kamba inayokufunga na ubao, mtoni isifungwe kifundoni bali kiunoni, na iwe ya kufunguka kwa kuvuta mara moja, kwa sababu ikinasa kwenye gogo mkondo utakuzamisha.

Na ziwa linaweza kuwa shwari kabisa lisifae. Naivasha ina viboko na wameua watu. Rufiji ina viboko na mamba. Bunyonyi na Kivu zinajulikana kwa kutokuwa na viboko wala mamba. Kichocho hukaa zaidi kwenye kingo zenye majani na konokono, Viktoria na Nyasa zikiwemo, kwa hiyo teremkia penye mchanga au mawe badala ya kupita kwenye matete. Habari za viboko waulize wavuvi asubuhi ileile, kwa sababu wao ndio waliokesha majini.