Ndizi ikikuwasha mdomo, si lazima iwe dawa ya kuivishia

Wengi tunaamini ukila ndizi au parachichi mdomo ukawasha, basi ni dawa waliyoivishia. Ila inaweza kuwa aleji, na hii wengi hawaijui jamani: baadhi ya protini za ndizi, parachichi na kiwi zinafanana na za mpira asilia, ule wa glavu na maputo, kwa hiyo mwili uliokataa mpira unaweza kukataa na matunda hayo, japo si kwa kila mtu wala si matunda yote, usiache machungwa bure. Kumbuka kama ulishawahi kupuliza puto midomo ikavimba. Usijijaribie nyumbani, andika ulichokula na saa ngapi ukawashwa, daktari akupime ngozi au damu, na umwambie kabla hajavaa glavu. Koo likibana, kimbia hospitali hapo hapo.